Rosa Kiden, Sauti ya Binti Chui

Ndugu wa Pajulu, majirani wa Awindiri, na nyinyi mliotoka Koboko kwa lori tangu alfajiri, asanteni kwa kuja. Mimi ni Pitia Yugu, fundi baiskeli, kaka wa marehemu. Karatasi mlizoshika zilichapwa parokiani jana, na katekista alinishauri nisizidi ukurasa mmoja. Nimezidi. Huu ni wasifu wa pili ninaomwandikia dada yangu Rosa Kiden. Wa kwanza niliuandika mwaka 1981, naye akiwa hai, na mwisho wake ulikuwa uongo. Kwa hiyo huu wa leo nimeuandika taratibu.

Rosa Kiden alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, nyumbani kwetu upande wa magharibi wa Koboko, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni. Alikuwa mtoto wa pili wa Sajini Yugu na mkewe Margarita. Wa kwanza ni mimi, na wa mwisho alikuwa marehemu Tombe. Alizaliwa akipiga kelele, na mama alikuwa akisema hakuwahi kuacha. Nyumba yetu ilikuwa juu ya bonde, na mashamba ya watu wengi yalikuwa ng'ambo. Jioni majirani walikuja uani kwetu wakamwambia mama, "Margarita, leta mtoto yako aite watu yangu." Rosa, mwenye miaka sita, alipanda kichuguu, akaweka mikono mdomoni, akaita majina. Aliita jina, akanyamaza akingoja, na hakuita la pili mpaka la kwanza lijibiwe kutoka bondeni. Akimaliza alipewa karanga. Mimi nilikuwa mkubwa kwake kwa miaka sita na hakuna aliyewahi kuniazima kwa kazi yoyote, nikamwonea wivu.

Aprili 1979 baba alirudi kazini kwa lori la jeshi. Hakurudi tena, na hatujapata habari zake hata leo.

Masomo aliyaanza mwaka 1977 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumbani, akafika darasa la tatu. Masomo hayo yalikatika wiki ya pili ya Oktoba 1980, na hapa naomba nisimame kidogo, maana hapa ndipo wasifu wa kwanza ulipopotoka.

Siku vita vilipofika kwetu, watu wote walikimbilia Zaire. Mama alimbeba Tombe mgongoni, akatangulia na wanawake wengine. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, Rosa tisa. Mama aliniambia neno moja tu: "Mkono yake usiachie." Tulipofika kwenye nyasi ndefu kabla ya mto wa mpakani, bunduki zililia karibu sana. Niliachia mkono. Nilikimbia, nikajitupa chini, nikalala kifudifudi. Kisha nikamsikia dada yangu akiita: Pitia. Akanyamaza akingoja, kama alivyozoea. Akaita tena, akangoja. Akaita mara ya tatu. Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwake, na nyinyi mnaijua sauti ile. Hakuna mtu wa Arua anayeweza kusema hakuisikia. Nilidhani nikijibu wanajeshi watajua nilipo. Sikujibu. Baadaye nikatambaa mpaka mtoni, nikavuka peke yangu.

Mama alikuwa ng'ambo akinitazama nikitoka majini. Aliangalia mkono wangu kabla ya kuangalia uso. Nikamwambia mto umemchukua Rosa.

Basi dada yangu alikufa kwa kinywa changu. Tulikaa karibu na Aba, huko Zaire, na mwezi wa Januari 1981 mama alifanya matanga bila mwili. Alizika gauni la Rosa ambalo tulikuwa nalo kwenye mzigo, la kijani, lenye kifungo kimoja. Katekista wa pale aliuliza nani anajua kuandika, na mimi nilijua. Niliandika mistari minne: alizaliwa, alisoma, alikuwa mtiifu, alichukuliwa na maji. Mama aliihifadhi karatasi ile ndani ya Biblia yake mpaka alipofariki. Tombe alifariki kwa surua mwaka 1982, akazikwa kando ya lile gauni.

Sasa nirudi kwa Rosa mwenyewe, ambaye wakati huo wote alikuwa hai. Kule Awindiri wengine wanasimulia kwamba alilelewa na nyani. Naomba leo jambo hilo limalizike. Aliyemlea kwa wiki saba alikuwa bibi mmoja, Candia, asiyeweza kutembea, ambaye watu wake walimwacha shambani na chungu cha maji wakidhani watamrudia. Rosa alifuata moshi, akamkuta. Alimchotea maji, akamchimbia muhogo, na bibi akamfundisha majani yanayoliwa na kumkataza jambo moja tu: kupaza sauti. Walinong'ona wiki saba. Bibi Candia alipofariki, Rosa alimfunika kwa majani ya muhogo kwa sababu hakuwa na nguvu za kuchimba, akakaa peke yake siku kumi na moja zaidi. Nilipomuuliza kuhusu nyani alinijibu hivi: "Nyani iko adui yangu. Mimi napanda muhogo, yeye nakula. Atanilea namna gani?"

Watu waliokuwa wakielekea Sudan walimpitia, wakamchukua. Alikaa kambi moja upande wa Yei mpaka mwaka 1986. Huko alisoma tena katika darasa la nyasi, akafika la sita, akajua Kiingereza cha kutosha na Kiarabu cha Juba kuzidi kiasi. Kila gari la wakimbizi lilipoingia alisimama mlangoni akiuliza watu wa Yugu. Sisi tulikuwa Zaire. Hakuna aliyekuwa akitutafuta kule, na sisi hatukumtafuta popote, kwa kuwa tulikuwa tumeshamzika.

Mwaka 1986 kambi zilipovamiwa alirudi Uganda kwa miguu. Alikwenda Koboko kwanza, akakuta nyumba yetu imekuwa kichaka na kichuguu kipo. Aliniambia alipanda akaita majina yetu yote, na hakuna aliyejibu isipokuwa mbwa wa mtu. Kisha akaja Arua. Mama Norah, mjane wa Awindiri, pale Arua, ambaye wengi mnamjua kwa mandazi yake, alimkuta amekaa kituo cha malori, akamchukua nyumbani bila kumuuliza ukoo wala dini. Mama Norah yupo hapa, mstari wa mbele. Mama, sisi watu wa Yugu hatuna la kukulipa.

Kazi yake marehemu mnaijua kuliko mimi. Alikuwa akiuza mandazi mlangoni kwa Mzee Obeti, mwenye ukumbi wa video. Mwanzoni mwa mwaka 1989 Obeti alileta mkanda mpya, ile picha ya mwanamke wa Kizungu aliyeanguka na ndege akiwa mtoto, akalelewa na wanyama, akakua anavaa ngozi ya chui iliyokatwa juu ya goti. Watu walimwita Binti Chui. Siku ya kwanza mtafsiri hakutokea, na ukumbi umejaa. Watu wakaanza kugonga mabenchi. Rosa aliweka karai la mandazi chini, akapanda kigoda kando ya televisheni, akaanza kutafsiri. Mtafsiri yule aliporudi wiki iliyofuata alitafutiwa kazi ya kukata tiketi.

Hata mimi, nisiyependa picha, nakiri ile ilikuwa ya kuchekesha. Mamba alikuwa wa mpira, mshono unaonekana tumboni. Simba alipiga miayo wakati wa kupigana. Binti Chui alitoka mtoni nywele zimechanwa na midomo myekundu. Mtu alipouliza kutoka nyuma, "Rosa, huko porini nani nasuka yeye nywele?" Rosa alijibu bila kugeuka, "Iko saluni ya nyani. Wewe nenda, watakunyoa bure." Alijua kila kosa la picha ile, kwa kuwa yeye porini alikuwa amekaa kweli, na alichotoka nacho kichwani kilikuwa chawa. Lakini hakuwahi kumcheka Binti Chui mwenyewe. Alisema yule naye hana watu.

Mara tatu katika picha ile Binti Chui hupanda jiwe, huweka mikono mdomoni na kupiga ukelele mrefu, na wanyama wote wa msituni humjia. Ukelele ule hauna maneno. Rosa aliutafsiri. Aliita: "Margarita, mama ya Kiden, iko wapi?" Akangoja. "Tombe, mwana ya Yugu, iko wapi?" Akangoja. "Pitia, mwana ya Yugu, iko wapi?" Watu walidhani ni majina ya tembo. Wakazoea, wakaanza kujibu ukumbi mzima kwa pamoja, "Iko hapa!" na pale tembo hutokea kwenye kioo, na watu hucheka mpaka mabenchi yanahama. Hakumweleza mtu ila Mama Norah: alitaka wachuuzi wa Zaire na Sudan wanaopumzikia ukumbini wayabebe majina yale warudi nayo kwao.

Yalifika, na mimi ni shahidi.

Jumamosi, tarehe 17 Novemba 1990, nilikuja Arua kutoka Aba kununua spoki na mipira ya baiskeli. Mvua ilinikuta mjini saa tisa alasiri, nikajificha kwenye ukumbi wa Obeti. Niliketi benchi la tatu kutoka nyuma. Ukumbi ulikuwa na giza, na mtafsiri alikuwa kivuli tu pembeni. Binti Chui akapanda jiwe. Nikasikia jina la mama yangu. Nikasikia la Tombe, na alivyongoja. Kisha nikasikia langu, kwa sauti ile ile ya kwenye nyasi, imekomaa tu. Watu mia na zaidi walijibu kwa niaba yangu huku wakicheka. Mimi nilisimama, nikatoka kwenye mvua.

Msiniulize kama nilimtambua. Nilimtambua kabla hajafika mwisho wa jina. Ila niliwaza mama yuko Aba, na karatasi yangu iko ndani ya Biblia yake, na nikirudi na Rosa mkononi ataniuliza yule aliyechukuliwa na mto ni nani. Niliogopa jicho la mama kuliko nilivyompenda dada yangu. Hilo ndilo jambo lote. Nilirudi Zaire na spoki zangu, nikasema Arua kuna mvua nyingi.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 28 Desemba 1991, hapa hapa Pajulu, na Enoch Adrabo, kijana wa hapa, fundi wa jenereta la ukumbi ule. Adrabo husema alianza kumpenda siku umeme ulipokatika katikati ya picha, na Rosa akaendelea gizani bila picha mpaka mwisho, na hakuna aliyetoka. Siku ya harusi mikeka ilitandikwa pande mbili. Upande wa bwana harusi watu walibanana. Upande wa bibi arusi aliketi Mama Norah peke yake. Wazee wa Pajulu waliuliza nani atapokea mbuzi wa wajomba, anayepewa upande wa bibi arusi, na Rosa akawaambia mkeka uachwe hivyo hivyo, usijazwe na watu wa kuazima, wenyewe wapo njiani. Nilielezwa habari hizi baadaye, nilipopita tena Arua kununua spoki, na watu ambao hawakujua wanamweleza nani. Rosa na Adrabo walijaliwa mtoto mmoja, Viktoria Drateru, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1993.

Mama yetu Margarita alifariki karibu na Aba mwezi wa Juni 1993. Hakujua kwamba binti yake yupo hai na kwamba ana mjukuu. Alizikwa katikati ya Tombe na lile gauni, kama alivyoomba. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilimchukua mama mpaka kaburini.

Februari 1994 nilikuja Awindiri, nikabisha hodi kwa Rosa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima: kwamba nimesikia kwa mchuuzi mmoja habari za mtu aitwaye Rosa. Alifungua mlango. Akasema, "Umekuja. Kunywa maji kwanza." Nilipomwambia habari za mama alitoka nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka Adrabo alipokwenda kumwinua. Hakuniuliza chochote. Wazee wa Pajulu walifurahi, wakatandika upya mkeka ule, wakanipa mbuzi wa wajomba, nami nikala nikashiba. Baada ya hapo nilihamia Koboko, nikawa nakuja kila mwezi. Tuliongea habari za mvua, za baiskeli na za Viktoria. Tulipendana, lakini katikati yetu palikuwa na mahali ambapo hakuna aliyekanyaga, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa mpweke zaidi siku nilizomtembelea.

Jambo moja lilinisumbua. Majina ya mama na Tombe aliyatoa kwenye picha. Langu hakulitoa. Niliketi ukumbini kama mgeni wa heshima, Binti Chui akapanda jiwe, na dada yangu akaita, "Pitia, mwana ya Yugu, iko wapi?" na mimi niko mbele yake na soda mkononi. Watu wakajibu. Nikadhani ni mazoea.

Ugonjwa wake ulianza kwa kikohozi mwezi wa Mei 1997. Hospitalini waligundua kifua kikuu, kilichokuwa kimepanda mpaka kooni. Alimeza dawa bila kukosa, lakini sauti iliendelea kupungua. Mara ya mwisho kupanda kigoda ilikuwa Jumamosi baada ya Krismasi, 1997. Mimi sikuwepo, Adrabo ndiye aliyenisimulia. Binti Chui alipanda jiwe, Rosa akaweka mikono mdomoni, na sauti haikutoka. Kisha watu, bila kuambizana, wakaita wao: Pitia, mwana ya Yugu, iko wapi. Na kwa kuwa wote walikuwa wameita, hakubaki mtu wa kujibu. Tembo walitokea peke yao.

Miezi ya mwisho alinong'ona tu, kama alivyonong'ona kwa Bibi Candia. Alisema anaona amerudi kule shambani. Mwezi wa Julai mwaka huu, saa nane mchana, tukiwa wawili wodini, nilimwambia yote: mkono, nyasi, mto, karatasi, benchi la tatu kutoka nyuma. Nililia nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu. Yeye hakulia. Aliniashiria nisogeze sikio.

"Mimi najua," alisema. "Kila siku ukumbi yote inajibu. Siku ile ya mvua mutu moja hapana jibu. Akasimama, akatoka. Nikasema, huyu ndiyo kaka yangu."

Nikamuuliza mbona hakunifuata. Akasema, "Nyasi ile ilikuwa refu, sikujua uko wapi. Sasa nikajua uko wapi. Kazi ya kuita iko yangu. Kazi ya kujibu iko yako."

Nikamuuliza tena, mbona nilipokuja mwaka 1994 aliendelea kuniita. Akanong'ona, "Wewe ulikuja. Bado hujajibu."

Nilitaka kujibu pale pale. Nilifungua mdomo, muuguzi akaingia na dawa, nami nikaona haya mbele ya mgeni. Nikasema kesho. Kesho yake ilibidi nirudi Koboko.

Rosa Kiden alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, saa nne na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Mimi nilikuwa njiani, karibu kufika, nimechelewa kama kawaida yangu.

Ameacha mume, Enoch Adrabo. Binti mmoja, Viktoria Drateru, mwenye miaka mitano, ambaye jana alipanda mchanga uliochimbwa hapa akaita watu waje kula, na waliokuwa barabarani waligeuka. Mama aliyemchagua, Norah. Mzee Obeti, aliyefunga ukumbi siku tatu. Na mimi kaka yake, ambaye leo sina tena wa kuniita. Karatasi ile ya mwaka 1981 nimeichana, na vipande vyake nimeviweka ndani ya jeneza, chini ya miguu yake, avikanyage.

Mungu aipumzishe sauti yake, ilifanya kazi tangu utotoni. Na nyinyi wa ukumbini, ambao nawaona mmesimama nyuma kule pamoja, nawashukuru kwa miaka yote mliyonijibia. Leo naomba mnyamaze, msinisaidie.

Rosa. Pitia, mwana ya Yugu, iko hapa.